Tuzo Hazikuingia Kwenye Sanduku la Mtunzi

Ninyi mnaoanza kazi ya vyumba hotelini, mabinti na wavulana, sogeeni. Nitawaambia jambo ambalo msimamizi wenu hatawaambia, kwa sababu hajawahi kupiga magoti kwenye bafu la mtu asiyemjua. Ukitaka kumfahamu mgeni, usitazame viatu vyake wala manukato yake. Tazama ameiweka wapi tuzo yake.

Mimi nimetandika vitanda Stockholm tangu nywele zangu zikiwa nyeusi zenyewe, bila kusaidiwa na chupa, kwenye hoteli moja karibu na stesheni kuu. Mji huu unapenda kutunuku watu jinsi sisi wa Ujiji tunavyopenda dagaa. Kila msimu wanakuja: maprofesa, waandishi, wanamichezo, wenye makampuni. Wengine huiweka tuzo juu ya meza ya televisheni, ikitazama mlango, ili mimi na ndoo yangu tukutane nayo kabla hatujasema habari za asubuhi. Mmoja aliniita nikamfungulie dirisha. Nikafika, dirisha liko wazi, na yeye amesimama kando ya kikombe cha kioo, anakohoa. Nikaelewa. "Loh! Hongera sana, bwana!" nikasema. Akaridhika, akaniruhusu niende zangu.

Basi na hilo ni sehemu ya kazi, wanangu, ingawa halimo kwenye mafunzo. Tuzo ya kioo usiipulizie dawa ya bafuni, inaacha ukungu. Ipulizie pumzi yako, uifute kwa kitambaa kikavu. Ile ya rangi ya dhahabu iogope kabisa. Ukiisugua kwa bidii dhahabu inatoka, chini unakuta bati, na mgeni atasema wewe ndiye uliyemharibia. Nimeona bati nyingi katika maisha yangu, na si kwenye tuzo tu.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Bi Aino, Mfini, mwanamke mfupi mwenye mikono ya mpasua kuni. Aliingia nchi hii enzi zile Wafini ndio walikuwa wageni wa kufagia, kama sisi leo. Alinifundisha kwa kunyoosha kidole, maana Kiswidi changu kilikuwa cha kuombea maji, na chake hakikuwa kimepiga hatua kubwa. Anza juu, maliza chini. Anza dirishani, maliza mlangoni. Godoro linyanyue kwa goti, usilinyanyue kwa mgongo, kwa sababu mgongo hauna spea. Siku hizi mnapewa simu inayowahesabia dakika, kitanda kikichelewa inalia kama mtoto. Sisi tulikuwa na Bi Aino. Yeye hakulia, alikohoa mara moja tu mlangoni na miguu yako ikapata akili.

Huyo Bi Aino ndiye aliyeniokoa kwenye kosa langu la majani. Nilikuta juu ya kiti duara la majani makavu, yamesokotwa vizuri, yananukia. Nikayanusa. Haki ya Mungu, yalikuwa yale majani ya kuungia pilau! Nikajisemea, hawa watu wana adabu, mgeni ameondoka na kutuachia viungo. Nikayapeleka jikoni kwa mpishi wetu wa Kibangladeshi, naye hakuuliza, akayatumbukiza kwenye supu ya wafanyakazi. Mchana akatokea bwana mmoja amepauka kama shuka. Kumbe jana yake amepewa udaktari wa chuo kikuu, na hapa Uswidi udaktari huvalishwa kichwani kama taji la majani. Tulikuwa tumeshakunywa udaktari wake, na chumvi tumeongeza.

Bi Aino akasimama mbele yangu, akalipokea kosa lote kwa niaba yangu. Kisha akanivuta stoo akanipa sheria mbili. Ya kwanza: kisichokuwa ndani ya ndoo ya taka ni mali ya mgeni. Ya pili: hata mgeni akikupa kitu kwa mikono yake miwili, si chako mpaka yeye mwenyewe akaseme mapokezi. Zikumbukeni zote mbili. Ya pili ndiyo iliyotaka kumla Espérance.

Espérance alikuwa binti wa Uvira, Kongo, aliyekuja kwangu akiwa hajui hata kuwasha mashine ya kufyonza vumbi. Alikuwa mwepesi, mcheshi, na anaimba. Anaimba akitandika, anaimba akisugua choo. Nilimpenda kama mtoto wa tumbo langu, nasema wazi. Alikuwa kwenye majaribio, na majaribio yalikuwa yanakaribia kwisha. Bila kazi ya kudumu hakuna mwenye nyumba aliyekuwa tayari kumpangisha, na bila nyumba asingeweza kumleta mwanawe, Furaha, ambaye alibaki na bibi yake kambini upande wetu wa Kigoma. Kila asubuhi tukibadili nguo za kazi alinionyesha picha ya yule mtoto kwenye simu. Picha ni ileile, naye anaionyesha kama mpya.

Sasa ndiyo enzi hizo akaja mtunzi.

Alikuwa mtunzi wa muziki wa filamu za Kihindi, kutoka Madras. Sikumjua kwa jina, lakini nilipoambiwa nyimbo zake nikashika kifua. Sisi Ujiji tulizililia filamu hizo bila kuelewa hata neno moja. Aliyemleta alikuwa Bwana Harshad, Mhindi wa Jinja, mmoja wa wale waliofukuzwa Uganda wakapokewa huku kwenye theluji. Ana duka la viungo kwenye kitongoji cha Bredäng, na ni mwenyekiti wa chama cha utamaduni. Kiswahili anacho, cha dukani, lakini kinatosha kukutukana na kukuomba radhi. Siku moja kabla ya mgeni kufika akaja kukagua chumba.

"Mama Mwamvua, meza hii kidogo sana," akasema. "Tuzo atakaa wapi?"

"Tuzo gani tena, Bwana Harshad? Mtu anakuja kulala."

"Ah-ah! Huyu mtu kubwa sana, mama. Wewe soma."

Akanipa kijitabu alichokichapisha kwa karatasi ya kung'aa. Jamani, sijawahi kuona. Tuzo za filamu zisizohesabika, medali mbili za taifa, shahada za heshima za vyuo ambavyo hakuwahi kusoma, funguo za miji ambayo hana nyumba, barabara yenye jina lake ambayo, kama alivyoniambia mwenyewe baadaye, haina lami. Nikaomba meza kubwa iletwe. Kesho yake akashuka mtunzi mwenyewe kutoka kwenye teksi: mzee mdogo, mwembamba, kandambili miguuni na soksi za sufu ndani yake. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama hoteli ina tangawizi.

Wahindi wa Stockholm wakati ule walikuwa kama sisi Waafrika, wakiwa watatu wana vyama vinne. Kila chama kilitaka kumtunuku. Wao wana desturi nzuri sana: mtu wa heshima huvikwa shali ya hariri mabegani na shada la maua shingoni, kisha hukabidhiwa ngao. Desturi ni nzuri ikifanywa mara moja. Bwana Harshad alinipa nafasi ya kuhudhuria, basi nikaenda ukumbini Jumamosi mchana na vazi langu la Idi. Mwenyekiti wa kwanza akamsomea mzee sifa zake zote, akamvika. Wa pili akasema hatarudia yaliyosemwa, akayarudia. Wa tatu akasahihisha ya wa pili. Mzee akafunikwa shali juu ya shali mpaka akafanana na duka la vitambaa, na kinanda chake cha mkono kimekaa pembeni ya jukwaa kinamsubiri. Alipofika Bwana Harshad na shali yake ya rangi ya damu ya mzee, yenye jina la chama limefumwa ukingoni kwa uzi wa dhahabu, mtunzi alikuwa amesinzia. Jina la chama lilikuwa kubwa, lilisomeka hata kwa sisi wa nyuma.

Ndipo wakamwomba apige. Akaamka, akafurahi, akavua yale mashali, akakaa chini. Akapiga nusu ya wimbo. Mlinzi wa ukumbi akaja kusema muda umekwisha, wazee wa bingo wako nje mlangoni wanasubiri. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Huyu walimtuza mpaka akakosa nafasi ya kucheza.

Kesho yake asubuhi akaondoka kwenda uwanja wa ndege, Kanada huko wamemwandalia tuzo nyingine. Sanduku lake lilikuwa dogo kama la mtoto wa shule. Nilipoingia chumbani nikakuta ngao zote zimepangwa kwa heshima dirishani, kubwa nyuma, ndogo mbele, kama watu wanaopigwa picha ya arusi. Hakuzitupa, hapana. Zililishinda sanduku tu. Nikazifunga kwa taulo kuukuu, nikazipeleka stoo ya vitu vilivyosahauliwa, kama sheria inavyotaka. Shali zilikuwa tano kitandani, zimekunjwa, nazo nikazipeleka huko. Sikuwa najua zilikuwa ngapi, wala sikuuliza.

Jumapili iliyofuata Bwana Harshad na mkewe, Bi Kokila, walikwenda kitongoji cha Hallunda kununua mapazia. Hamadi! Katikati ya kituo cha maduka anapita binti wa Kiafrika ametoka kanisani, mabegani shali ya rangi ya damu ya mzee, jina la chama linang'aa. Jumatatu asubuhi mwenyekiti yuko hotelini, suti, tai, hasira.

Meneja wetu, Fredrik, alikuwa kijana mpole, Mswidi wa kuogopa ugomvi kuliko moto. Akamwita Espérance ofisini, nami kwa kuwa ndimi msimamizi wake.

"Alinipa mgeni mwenyewe," Espérance akasema kwa Kiswidi chake.

"Kwa nini akupe?" Fredrik akauliza. "Kulitokea nini?"

Espérance akaanza kukunja pembe ya aproni yake. Akaulizwa tena, akatazama sakafu. Mapokezi hakuna aliyeambiwa. Fredrik akakuna shingo, akasema Espérance asije kazini kwanza mpaka jambo hili lieleweke, na kwamba bila shaka linahusu pia uamuzi wa majaribio yake. Akalisema kwa sauti laini sana. Wanangu, mjihadhari na sauti laini.

Nikaombwa nimpeleke mwenyekiti stoo, atazame kama labda shali yake imo humo na aliyoiona ni nyingine. Nikafungua taulo. Akaziona zile ngao.

"Hii pia imeibiwa?" akauliza, uso umemuiva.

"Hapana, Bwana Harshad. Hizi zimeachwa."

Akaitafuta ya chama chake, akaipata. Akaifuta vumbi kwa mkono wa koti, ingawa haikuwa na vumbi. Nilimwonea huruma, Mungu ananiona. Mtu aliyefunga duka lake wiki nzima, akabandika matangazo kwenye stesheni za treni kwa mikono yake kwenye baridi ile.

"Mpigie mtunzi simu," nikamwambia taratibu. "Muulize kama alimpa binti yule shali. Yataisha."

"Mama, wewe sikia mimi. Kama shali imeibiwa, mimi mzima. Chama mzima. Watu watasema pole. Kama yeye amegawa kwa mtu wa kufagia," akashusha sauti, "mimi nimekufa. Nipige simu niulize kama nimekufa?"

Kumbe hilo ndilo lilikuwa linatakiwa: mwizi. Heshima yao ilihitaji mwizi ili isimame, na mwizi aliyekuwa karibu ni mtoto wangu. Huruma yangu ikaniruka, ikaja hasira. Nilifunga mlango wa stoo kwa nguvu kuliko inavyopaswa.

Jioni nikapanda treni mpaka kwa Espérance, kwenye kile chumba alichokuwa akilala na wenzake. Nikamkalisha.

"Binti yangu, mimi si polisi wala mchungaji. Alikupa kwa nini? Kama kuna aibu, niambie tuibebe wote."

"Hapana aibu hiyo unawaza, mama," akasema, machozi yanamtoka. "Asubuhi ile anaondoka, miye nilikuwa ku bafu nasugua. Nilikuwa naimba ule wimbo wetu wa kanisa, ule wa kuvuka ziwa. Ule mzee akarudi kutoka kula. Akasimama ku mlango. Nikanyamaza. Akasema, imba. Nikaimba. Mama, naye akaimba! Aliujua wote, mpaka kiitikio! Kwa luga yake. Na akacheza hivi," akanyanyuka akatikisa kiuno. "Akacheka mpaka akaketi chini ku sakafu, analia na kucheka. Halafu akanionyesha ku ordinateur yake, ile kompyuta. Mama. Wimbo ni wake. Iko mu filme. Wanawake banacheza mu mvua, nguo zimeloa zote, zinabana!"

Sikucheka. Nawaapia nilijiuma ulimi mpaka ukauma siku mbili.

"Akanivika shali," akaendelea. "Akasema watu wote walimpa tuzo ju ya mambo ya zamani, lakini hakuna mutu alikuwa amemwimbia. Njo akanipatia."

"Sasa mbona hukumwambia meneja?"

"Na Mchungaji je? Kanisa itabomoka!"

Hapo ndipo nikaelewa. Wimbo ule wa kuvuka ziwa ndio uliokuwa nguzo ya kanisa lao pale Hallunda. Mchungaji wao, Mchungaji Bahati, alikuwa akisimulia kwamba alionyeshwa na malaika, kambini, usingizini. Kila mwaka waliadhimisha siku ya ule wimbo, na mwaka uliotangulia walimkabidhi ngao ya kioo yenye picha ya malaika. Espérance alikuwa radhi apoteze kazi, akose nyumba, mwanawe aendelee kukaa kambini, kuliko kusema mbele ya watu kwamba malaika alikuwa amevaa nguo zilizoloa.

Jamani heshima! Mwenyekiti anailinda yake, binti anailinda ya mchungaji wake, na anayelipa ni mtoto mdogo ambaye hajui lolote.

Mimi ni Mwislamu wa Ujiji, mambo ya kanisa si yangu. Lakini nilikwenda kumsubiri Mchungaji Bahati mji wa jirani, Södertälje, kwenye geti la kiwanda cha malori alikokuwa akifunga nati siku za kazi. Akatoka na sanduku lake la chakula, mtu mrefu, mnyenyekevu. Nikamweleza yote tukiwa tunatembea kwenda kituo cha treni. Nilitegemea akane. Akakaa kwenye benchi.

"Mama, ile filme sikuiona," akasema. "Nilikuwa mtoto, Uvira. Kulikuwa nyumba ya video. Sisi tulikuwa tunasimama inje, ku ukuta, tunasikiliza. Mvua inanyesha. Halafu miaka ikapita, vita ikaja, nikawa mu kambi, nimelala na njaa. Wimbo ukaja. Mama, ulikuja kweli. Nilijua unatoka mbali. Sikujua ni mbali gani."

Nilimwamini. Mtu aliyelala na njaa atawezaje kutofautisha malaika na spika?

"Mchungaji," nikasema, "Espérance anafukuzwa kazi kwa kukulindia huyo malaika wako."

Treni moja ikapita, hakuipanda. "Nifanye nini, mama?"

Nami nilikuwa nimeshafikiri, maana miaka yote ile ya kupangusa tuzo za watu haikwenda bure. Kama Bwana Harshad amekufa kwa kuwa shali imegawiwa, basi dawa yake ni kuambiwa kwamba haikugawiwa. Ilitunukiwa. Nikamweleza mchungaji la kufanya, kisha nikaenda Bredäng dukani kwa Bwana Harshad, nikanunua iliki, nikajifanya napita tu.

"Bwana Mwenyekiti, pale Hallunda kuna kanisa la Wakongo. Wana wimbo wa mtunzi wako. Wanauimba kila Jumapili, watoto kwa wazee. Wamesikia kwamba ni chama chako kilichomleta, nao wanataka kukuheshimu. Kuna hotuba. Kuna ngao."

Akaacha kupima manjano. "Ngao?"

"Ya kioo."

"Hotuba nani atatoa?"

"Wewe, Bwana Harshad. Nani mwingine? Uwaeleze kwa nini chama kiliamua shali yake iende kwa binti wa kwaya."

Nikamwona anafikiri. Nikamwona anaanza kukumbuka. Hakuna kitu kitamu kama kumtazama mtu akikumbuka jambo ambalo halikutokea.

"Kweli," akasema polepole. "Sisi iliongea hiyo kwa kamati."

Jumapili ukumbi wa kanisa ulijaa. Wahindi upande mmoja na sari zao, Wakongo upande wa pili na vitenge, na Fredrik katikati na kamera, amealikwa, hakupata njia ya kukataa. Mchungaji Bahati akasimama.

"Wapendwa," akasema, "miaka mingi nimewaambia kwamba wimbo wetu nilionyeshwa na malaika. Na leo ninasema vilevile. Ninaongeza neno moja tu. Malaika huyo yu hai, anakaa Madras, na ana medali mbili za taifa."

Nikasema moyoni, kwisha habari. Kisha mama mmoja wa nyuma akapiga vigelegele, "Bwana asifiwe, na Madras yumo!" na kwaya ikaanza. Hawajafika hata kiitikio, Bi Kokila, mke wa mwenyekiti, mtu mzima mwenye vidonge vya presha, akainuka. Aliutambua wimbo. Ulikuwa wa ujana wake. Akainua mikono, akatikisa kiuno kilekile alichonitikisia Espérance, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Mama wa Kikongo pembeni yangu akanishika mkono. "Mama, Roho amewashukia Wahindi!" Nami nikamwambia, naam, amewashukia.

Bwana Harshad alihutubu kwa urefu wake wa kawaida. Alieleza jinsi kamati yake ilivyoazimia, kupitia mtunzi, kumvika dada huyu shali kama alama ya urafiki wa watu wetu. Akamvika upya mbele ya kamera, akapokea ngao yake, akaishika jinsi mtu anavyoshika mtoto mchanga. Kuhusu wizi hakukumbuka kitu. Baadaye alimpigia mtunzi simu kumpa taarifa, na mzee akacheka, akasema kamati ilikuwa na busara sana.

Nilidhani yamekwisha. Wanangu, nilikuwa bado sijaijua hoteli.

Siku iliyofuata tukaitwa kantini, wafanyakazi wote, na Espérance amerudishwa. Mezani kuna keki kubwa ya kijani, ile ya siku kuu za Waswidi. Ukutani picha mpya ya Espérance, na chini yake maandishi: Mfanyakazi wa Mwezi. Fredrik akatoa hotuba. Akasema hoteli inajivunia, mwenzetu ametunukiwa kimataifa, huu ndio utofauti wetu, hii ndiyo nguvu yetu. Akamkabidhi cheti chenye fremu. Nikamwuliza pembeni habari za majaribio. Akatabasamu. Akasema kwa sauti ileile laini kwamba hilo litatazamwa baada ya kiangazi, bajeti haijakaa sawa, leo tusherehekee.

Nilikuwa nimefungua mdomo niseme maneno ambayo yangenistaafisha mapema, lakini kabla sijayasema wakamwomba Espérance naye atoe neno.

Akasimama na fremu yake kifuani. Alikuwa mwenye haya siku zote. Akamtazama meneja, akamtazama tena.

"Tack," akasema, yaani asante kwa Kiswidi. Akapumua. "Kontrakt?"

Mkataba: hakuna asiyeelewa neno hilo, hata mpishi wetu wa Kibangladeshi. Fredrik akawa mwekundu mpaka masikioni. "Leo tuna keki," akasema, na akaanza kutugawia sahani. Nikaipokea yangu, nikaiweka mezani. Jirani yangu, Mturuki wa kufua mashuka, akaiweka yake. Mpishi akaweka yake. Hatukupanga, hatukusemezana. Sahani zote zikakaa mezani, na keki ikabaki nzima katikati, na hakuna aliyeigusa. Ninyi mmekulia hapa, mnajua keki isiyoliwa ni aibu gani kwa Mswidi. Fredrik alivumilia kadiri mtu anavyoweza kuvumilia. Kisha akapanda ofisini. Akarudi na karatasi.

Espérance akakaa, akaisoma neno kwa neno, huku anafuatisha kwa kidole, na sisi tumesimama tunamsubiri. Akasaini. Meneja akasaini. Ndipo akanyanyuka, akachukua kisu mwenyewe, akakata keki. Kipande cha kwanza, kikubwa, akakifunga vizuri ndani ya leso ya karatasi na kukiweka mfukoni mwa aproni yake.

"Hicho cha nani?" nikamwuliza.

"Cha Furaha," akasema, kana kwamba mtoto anamsubiri hapo chini mlangoni.